Mahali Pasipozama

Kazi yangu ni kushindilia udongo. Wengine wakishachimba na kulaza bomba, wakishapigwa picha na kofia zao za plastiki, mimi ndiye ninayebaki mtaroni na dame, kile chuma kizito chenye mpini mrefu, nikirudisha ardhi mahali pake. Hakuna anayenishukuru. Fundi aliyeleta maji hupewa soda. Aliyefukia hakumbukwi mpaka barabara ibonyee na gurudumu la gari likwame, na siku hiyo anakumbukwa kwa matusi.

Nimefanya kazi hii miaka ishirini na miwili hapa Goma, mji uliokaa juu ya mawe ya volkano, na nikiri kwamba vijana wa siku hizi wananiudhi. Wanapasua mtaro siku tatu kwa nyundo na tindo, halafu wanaufukia nusu saa kwa mawe yaleyale waliyoyatoa. Jiwe la volkano lina ncha, na likilala juu ya bomba halina haraka. Lori likipita linasukuma kidogo, kesho linasukuma tena, na baada ya mwaka bomba limetoboka na watu wanamtafuta mchawi. Bomba linataka mchanga mtupu chini, mchanga ubavuni, mchanga juu yake shibiri nzima. Ubavuni unashindilia kwa mguu, huku kidogo na kule kidogo, ili lisisogee. Baada ya hapo unajaza udongo tabaka kwa tabaka, unaunyunyizia maji mpaka ushikamane ngumini bila kudondosha, ndipo unapiga dame. Haraka haraka haina baraka, na mtaroni utaiona kwa macho.

Maana mtaro uliofukiwa vibaya hujisema wenyewe. Mvua kubwa zikinyesha, ardhi inazama na mstari mzima unaonekana, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kaburi la haraka nalo ni hivyohivyo. Ninalisema hili mapema kwa sababu ndilo lililonikosesha usingizi mwaka mmoja na miezi saba.

Mwezi wa nane mwaka huu kampuni moja ilinichukua kwa kazi ya kupitisha waya za intaneti chini ya barabara moja ya mtaa wa Murara. Mtaro ukishafungwa, barabara yote ingetandikwa matofali ya zege, na baada ya hapo hakuna mtu angeruhusiwa kuifungua tena. Asubuhi ya kwanza injinia wetu, binti anayeitwa Charline, alitandaza ramani juu ya boneti ya gari. Ilikuwa ramani ya vitu vyote vilivyolala chini ya barabara ile. Bomba la maji lilichorwa kwa rangi ya buluu, na hilo nalijua kwa sababu nililifukia mimi. Lakini mbele ya lango la kijani, kando ya ule mstari wa buluu, palikuwa na mstari mfupi mwekundu, urefu wa njiti ya kiberiti, hautoki popote wala hauendi popote.

"Hii ni nini?" nilimwuliza.

"Kable ya courant, ya umeme, papa. Mwezi wa tatu ba topographe, bale ba kupima barabara, balifungua shimo hapo, bakakuta wavu mwekundu. Bakafunga bila kugusa. Siye tutazunguka, metre moja na nusu."

"Inatoka wapi?"

"Habakujua. Kable ya zamani, labda."

Niliegemea lile gari. Ule wavu mwekundu niliulaza mimi kwa mikono hii, na chini yake hakuna kable.

Januari ya mwaka jana bomba lile la maji lilikuwa limepasuka, nami nilikuwa nimeshalibadilisha kipande na kulilaza juu ya mchanga. Nilikuwa bado kulifukia. Jumapili vita vikaingia mjini, milio ya risasi ikasogea, kila mtu akakimbilia kwake, nami nikauacha mtaro wazi. Tulijifungia siku tatu. Hapakuwa na umeme wala maji, na ndoo ya mwisho nyumbani kwetu tuligawana kwa kikombe. Siku ya nne milio ilipopungua, Mama Victoire mwenye lango la kijani alikuja mwenyewe mpaka kwangu, barabara mbili nyuma ya kwake. Tulitoka wote Butembo, tunasali parokia moja, na sijapata kumwona akitembea bila viatu isipokuwa siku ile.

"Papa Wenceslas," alisema, "kuko mutu mu mutaro yako."

Alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, amelala kifudifudi kando ya bomba, mkono mmoja juu yake. Nadhani aliruka mtaroni risasi zilipoanza, akifikiri shimo litamficha. Mfukoni hakuwa na simu wala kitambulisho. Waliotutangulia kumwona walikuwa wameshampekua. Kilichobaki ni bidoni ya njano, dumu la maji, tupu, imesimama wima ukingoni mwa mtaro. Ilikuwa na msalaba mdogo uliochomwa kwa msumari wa moto, na mpinini imefungwa utepe wa kitenge cha zambarau chenye ndege wa njano. Goma kila nyumba ina alama yake namna hiyo. Ukifika bombani asubuhi na kukuta mstari mrefu, unaiacha bidoni yako kwenye mstari na kwenda shughuli zako, na hakuna anayeiruka. Bidoni ikisimama, mwenyewe yupo.

Tulimwita kila mtu tuliyemjua mwenye gari, na hakuna aliyethubutu kutoka. Hospitali walisema hawana tena mahali pa kuweka maiti. Mbwa walikuwa wameanza kuzungukazunguka, na mmoja nilimpiga kwa koleo. Mama Victoire akaleta shuka jeupe.

"Tumufunike hapa hapa," alisema. "Lakini isionekane, papa. Benye bunduki bakikuta kaburi mbele ya mulango yangu, bataniuliza ni nani, na nitajibu nini?"

Upande mmoja wa mtaro ulikuwa kifusi cha zamani, si jiwe, kwa hiyo niliweza kuupanua. Tulimlaza pale ubavuni mwa bomba. Tulisali Baba Yetu na Salamu Maria, mara moja tu, kwa sauti ndogo. Halafu nikafanya kazi ninayoijua. Nilimwekea mchanga mweusi uliochungwa, ule uliokuwa wa bomba, chini, ubavuni na juu. Sikumwekea jiwe hata moja. Juu ya mchanga, kama inavyotakiwa, nikatandaza wavu wa plastiki. Huo wavu tunaulaza ili atakayechimba kesho aukute kabla ya kukigusa kilicho chini, asimame. Wa maji ni wa buluu, ila wa buluu ulikuwa umeniishia. Nilikuwa na kipande chekundu kilichobaki kwenye kazi ya umeme, nikalaza hicho. Nilijiambia, angalau mtu atasimama.

Kisha nikashindilia. Sijawahi kushindilia vile. Nilikuwa na hofu, na hofu ilinipa mikono ya kijana. Kila tabaka nilipiga mara mbili ya kawaida, na Mama Victoire akawa ananyunyizia maji ya mvua kwa sufuria. Tulipomaliza, nilifagia juu kwa tawi. Usingejua kwamba pale palifunguliwa kitu. Mama Victoire alitoa rozari, akaniapisha nisiseme mpaka yeye aseme, nami nikaapa.

Bidoni niliichukua. Bidoni nzima haiachwi barabarani, na nilijidanganya kwamba nitamrudishia mwenyewe akitokea. Niliiweka nyuma ya jiko. Mke wangu Sylvie alipotaka kuitumia, nikamwambia inavuja. Siku moja akaijaza maji, akaisimamisha katikati ya ua kutwa nzima, jioni akaniita niangalie ardhi chini yake, kavu kabisa. Mimi nikaimwaga na kuirudisha nyuma ya jiko.

Mvua za mwezi wa tatu zilipokuja, barabara ile ilizama kila mahali. Palizama kwa watu wa simu, palizama kwa watu wa umeme, na palizama hata mahali ambapo kampuni moja kubwa ilishindilia kwa mashine. Mbele ya lango la kijani hapakuzama. Nitasema ukweli wote, hata huu unaoniaibisha: nilikuwa napita pale baada ya kila mvua kuangalia, na mwanzoni nilichokuwa nacho moyoni ni fahari. Nilikanyaga kwa kisigino, nikaona pamekaza kama sakafu, nikaenda zangu nimefurahi. Ile ni kazi, nilijiambia. Mungu anisamehe.

Fahari iliisha siku niliyomwona yule mama.

Ilikuwa asubuhi baada ya mvua kubwa. Alikuwa anatembea polepole katikati ya barabara, kichwa chini, kijiti mkononi, kama mtu aliyedondosha sindano. Alipofika mahali palipobonyea alichutama, akachokonoa, akanusa ile ncha ya kijiti, akaendelea. Watoto walimwita Mama Mashimo. Jina lake ni Mukamurenzi, mkulima wa Rutshuru, na vita vilikuwa vimemkuta kwenye mahema ya wakimbizi ya Kanyaruchinya na mwanawe mmoja, Théogène. Jumapili ile ya Januari mwana alishuka mjini kutafuta maji, hakurudi. Mahema yalipovunjwa, ndugu zake walirudi mashambani. Yeye alibaki, akapanga chumba Murara, akawa anauza maharage ya kuchemsha mchana, na asubuhi anatafuta.

"Balinielezaka kule mu kambi," aliniambia siku ile, alipoona dame begani kwangu. "Bakisema: mama, tafuta fasi, pahali yenye inashuka. Kaburi ya mbio inashukaka na mvua. Weye ni mutu ya udongo, papa. Ni kweli?"

"Ni kweli," nilisema.

"Na hukupate mutu mu mitaro yenu?"

"Hapana, mama. Tunapataka majiwe tu."

Alinishukuru. Alipita pale mbele ya lango la kijani, akapaangalia, akaona pako sawa, akapakanyaga akaenda.

Kwa nini sikumwambia? Nimejiuliza mpaka swali limechakaa. Nilikuwa nimeapa, hilo moja. Nilikuwa naogopa, hilo la pili na ndilo kubwa: nani angeamini kwamba mtu aliyemficha maiti hivi, kwa tabaka na kwa wavu, siye aliyemwua? Tena sikuwa na hakika kwamba ni wake. Wengi walipotea siku zile. Nikajificha nyuma ya hilo la mwisho, na kila mwezi uliopita ulifanya neno lizidi kuwa gumu kutoka. Aliendelea kuniuliza kila tulipokutana, nami niliendelea kumpa mawe.

Lakini yule kijana hakunyamaza. Sisemi kwamba nilimwona. Nilikuwa namsikia katika kazi. Nikipiga dame mtaro wowote, hata kule Himbi, hata uwanja wa ndege, kulikuwa na pigo moja lililorudi tofauti, kavu, kama lile la mbele ya lango la kijani, nami nilisimama na kutazama chini. Sylvie akitwanga sombe, majani ya muhogo, mchi ulipiga kinu mara tatu na kupumzika, mara tatu na kupumzika, ndivyo ninavyopiga mimi, na niliona mchanga mweusi badala ya majani. Nikaacha kula sombe. Mnande, mtu wa kwetu Butembo, akiacha sombe, mke anajua kuna jambo. Mama Victoire naye alilifunga bomba lake la uani kwa kufuli. Maji yakirudi baada ya kukatika, hewa hutangulia kwenye bomba na kukohoa. Alisema linakohoa mahali palepale tu, mbele ya mlango wake. Akawa anabeba maji kutoka barabara ya tatu, mama wa miaka sitini, na bomba lake analo uani.

Kwa hiyo nilipouona ule mstari mwekundu kwenye ramani ya Charline, nilielewa kwamba sasa ameandikwa. Ameandikwa kable. Watamzunguka leo, watatandika matofali juu, na miaka hamsini ijayo kila atakayefungua ramani atasoma kable na kumzunguka tena. Wavu niliolaza ili mtu asimame ulikuwa umefanya kazi vizuri mno.

Tulichimba siku tatu. Mukamurenzi alikuja kila asubuhi, kama alivyozoea kila mtaro ukifunguliwa, akatembea ukingoni akitazama ndani. Siku ya tatu aliketi kwenye lundo la mchanga karibu nami. Lango la kijani lilikuwa hatua ishirini mbele.

"Kaka yangu alikuya jana," alisema. "Jumamosi ananirudisha Rutshuru. Banataka tufanye matanga bila mutu. Nimekubali, papa. Miguu imechoka."

Niliendelea kupiga.

"Hata bidoni yake sikuione. Ni miye nilimupatiaka ile bidoni. Niliikatia kitenge hiki, ili bibi wengine basimuibie kwenye mustari."

Alichukua pembe ya kitenge alichojifunga, akaninyooshea. Kilikuwa kimepauka, lakini ndege walionekana, wa njano juu ya zambarau, na pembeni palikosekana kipande chembamba kilichochanwa kwa mkono. Nilikitazama muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Tangu siku ile sikuwa tena na shaka ya kujifichia.

Nilipomaliza kazi nilibisha lango la kijani. Nilimweleza Mama Victoire habari ya kitenge. Nilitegemea aniambie nitawaua wote wawili. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akatazama kufuli la bomba lake.

"Nimechoka kubeba mayi ya mbali," alisema. "Sema. Na bakiuliza, nitasema na miye nilikuwako."

Kusema ni rahisi kwa mwenye mdomo. Asubuhi iliyofuata nilijua kabisa kwamba yule mama akinitazama usoni nitampa tena mawe. Nikaenda nyuma ya jiko, nikaitoa bidoni, nikaifuta vumbi, nikaijaza maji.

"Si uliniambia inavuja?" aliuliza Sylvie mlangoni.

"Haikuvujaka hata siku moja," nilisema, na nikamweleza yote nimesimama, bidoni mkononi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha aliniambia niende haraka, kabla moyo haujanigeuka.

Nilifika kabla ya wengine. Sikuhitaji ramani. Nilidondosha dame hapa, nikasikia sauti nzito, nikasogea, nzito, nikasogea, na chuma kikaruka mkononi kwa ile sauti kavu niliyoijua. Niliisimamisha bidoni juu ya mahali pale, msalaba ukitazama upande anaotokea Mukamurenzi. Halafu nikakaa ukingoni mwa mtaro.

Charline ndiye aliyefika kwanza.

"Papa, mutoe ile bidoni. Tunapita kando, hapo kuko kable."

"Hakuna kable, injinia. Kuko mutu."

Alinitazama, akatazama ramani aliyoikunja kwapani, akanitazama tena. Nilimweleza kwa maneno machache. Hakunigombeza. Aliwaambia vijana waweke chini nyundo, akatoa simu, akasogea kando kumwita mkuu wa mtaa. Alikuwa bado anaongea na simu, Mukamurenzi alipotokea kwenye kona.

Aliiona kutoka mbali. Bidoni ya njano, peke yake, katikati ya barabara. Alipunguza mwendo badala ya kuongeza, na hatua za mwisho alizipiga kama mtu anayepita karibu na mtoto aliyelala. Akasimama nyuma yake, kama inavyosimamwa kwenye mstari wa maji. Aligusa utepe. Akashika pembe ya kitenge chake, akailinganisha na ule utepe, ndege kwa ndege, ingawa hapakuwa na haja.

"Ni fasi hii?" aliuliza bila kuniangalia.

"Ni fasi hii, mama."

"Ni weye ulimufunika?"

"Ni miye. Tulimukuta ameshakufa. Naapa mbele ya Mungu."

Mama Victoire alikuwa ametoka, amesimama langoni na rozari yake.

"Nilikuuliza," Mukamurenzi alisema.

"Uliniuliza, mama."

"Mara ngapi?"

"Mara ine."

"Tano," alisema. "Na kila siku nilipita hapa. Nilimukanyaga mutoto yangu kila siku."

Nilitamani anipige. Niliinama nisubiri kofi, na halikuja, na sijui kama kuna kofi ambalo lingeniuma zaidi. Baadaye akauliza swali jingine, kwa sauti ndogo kabisa.

"Ulimuwekea majiwe juu yake?"

"Hapana. Muchanga tu. Mwororo. Hata jiwe moja hapana."

Alitikisa kichwa kuonyesha amesikia. Kisha aliichukua bidoni, akaisogeza pembeni, akaketi chini kando yake.

Nilichimba mwenyewe. Vijana walitaka kunisaidia na nikawakatalia, na mkuu wa mtaa alipofika na watu wanaoshughulika na maiti, nao walisimama wakaniacha. Ilinichukua tangu saa mbili mpaka saa nane mchana. Sijawahi kukutana na udongo mgumu vile, na kila tabaka nililitambua: hili ndilo nililopiga nikilia, hili ndilo Mama Victoire alilomwagia maji mengi mno. Sururu ilikuwa inaruka. Niliilaani kazi yangu nzuri kwa sauti, na hakuna aliyecheka. Hatimaye ukatokea wavu mwekundu, rangi yake mbichi kama siku niliyoulaza. Chini yake mchanga mweusi, safi, umetulia. Huo niliutoa kwa viganja. Shuka la Mama Victoire lilipoonekana, Mukamurenzi alisogea, akaweka mkono juu yake.

"Théo," alisema. "Mwana wanjye."

Hakulia hapo. Aliulaza mkono wake pale, akabaki.

Wenye mamlaka walinihoji siku mbili kwenye ofisi moja yenye benchi fupi. Mama Victoire alikuja siku zote mbili, amevaa viatu vyake vya kanisani, akasema alichokiona, na mwishowe wakaniacha niende. Charline alifuta ule mstari mwekundu kwenye ramani mbele ya macho yangu. Kisha, kwa kuwa kaka yake Mukamurenzi alikuwa na nafasi kwenye gari, na kwa kuwa yeye mwenyewe alisema nije, nilikwenda nao Rutshuru Jumamosi ile kumzika. Njia nzima bidoni ilikuwa mapajani mwake.

Udongo wa Rutshuru ni mwingine. Ni mweusi, mnene, unaingia jembe bila kelele. Walipomshusha, wanaume wa pale walianza kujaza, nami nikachukua koleo. Shimo lilipofika katikati, mguu wangu ulikuwa umeshapanda wenyewe juu ya udongo kuanza kushindilia ubavuni, huku kidogo na kule kidogo. Sikukusudia. Mukamurenzi alinishika mkono.

"Papa, usipige," alisema. "Acha ishuke yenyewe. Nataka nione fasi."

Nikatoka. Nilisimama na koleo tupu, miguu haijui pa kukaa, nikatazama wengine wakimwaga udongo na kuuacha ulegee kama ulivyoanguka. Ilikuwa kazi mbaya kabisa, na nilishukuru kuiona.

Mwezi wa tisa ukaja. Jioni moja Sylvie alikuwa anatwanga sombe uani, mimi nimekaa karibu naye, simu ikalia. Ilikuwa ni Mukamurenzi. Hakunisalimia kwa maneno mengi. Hajanisamehe, na sijamwomba.

"Mvua imenyesha huku," alisema. "Imeshuka, papa. Sasa naona vizuri fasi kwenye iko."

Nikamwambia aongeze udongo kidogo, kwa mkono tu, na asiukanyage.